Ufunguo Unarudi Koponi

Nilistaafu wiki iliyopita, nikiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu za kiafya. Mama alisema nikiendelea na kazi hii siku moja zaidi, afya yangu itakuwa mashakani. Sikubishana naye. Mtumishi mzuri anajua wakati wa kuondoka, hasa akiona mwajiri ameshika mwiko.

Naandika haya kwa ajili yako, Zuhura mdogo wangu, unayerithi kazi, na kwa yeyote atakayekuja baada yako. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wewe Bibi akikusemesha unaelewa kila neno, halafu unamjibu Kiingereza, mpaka mtu akiwasikia anadhani kila mmoja anaongea na simu yake. Hii ukitaka kuijibu, jibu utakavyo, ila kwanza uisome. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Cheo nilijipa mwenyewe, Mlinzi Mkuu wa Vifurushi na Magari, na mshahara bado nausubiri.

Kazi ilianza mwaka ule vifurushi vilipoanza kutoweka barazani. Unaijua mitaa yetu ya Malvern, hapa Toronto: nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, wazazi wote wako kazini, Mama anaogesha wazee wa watu kule kwenye nyumba ya wazee, Baba yuko ghalani Rexdale, ng'ambo ya jiji, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi. Mtu wa vifurushi anakuja, anaweka boksi mlangoni, analipiga picha kama bibi harusi, anaondoka. Kabla gari lake halijakata kona, boksi limeolewa na mtu mwingine. Viatu vya Baba vya theluji vilikwenda hivyo. Ikaja mashine ya Mama ya kusukumia chapati, nayo ikaenda. Hiyo ya chapati Bibi alifurahi kabisa. Alisema hana neno na aliyeiba, ana neno na aliyetengeneza.

Siku yangu ya kwanza kazini nilijiandaa vizuri. Nilikuwa na filimbi niliyoazima kwa mwalimu wa michezo, ambaye mpaka leo hajui kwamba aliniazima. Nikajibanza nyuma ya pazia tangu asubuhi. Haikupita muda, mtu mwenye kofia ya koti imemfunika mpaka puani akapanda barazani, akainama, akabeba boksi letu. Nikatoka kama mshale, napuliza filimbi.

"We mtoto, filimbi ya nini?"

"Weka boksi chini. Onyesha mikono."

"Nitakuonyesha mkono mmoja tu," alisema Baba, "na utatosha."

Alikuwa ametoka zamu, amechoka, na boksi lilikuwa lake. Ndiyo sababu nakufundisha jambo la kwanza la kazi: mtazame mtuhumiwa usoni kabla hujapuliza. Uso wa Baba umeuona mara nyingi, hutaukosa.

Mwalimu wangu katika fani hii alikuwa Bibi. Wewe unamwona ni bibi tu, lakini mimi nakwambia hakuna kamera iliyomfikia. Kila mtaa hapa una kamera milangoni. Kamera inamwona mwizi, inamrekodi, na mwizi anaipungia mkono. Bibi alikuwa anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la Mjomba juu ya kanga, ushungi umefungwa barabara, na kila anayepita anamsalimu. Yeyote. Mtu wa gesi, mtu wa taka, mzungu anayekimbia na mbwa.

"Hujambo mwanangu? Umeamkaje? Mama hajambo? Watoto nao? Na baridi hii mnaionaje?"

Yote kwa Kiswahili cha Tanga, pole pole, na hajali kama mtu ameelewa. Mtu hawezi kuondoka katikati ya salamu kama ile. Anasimama, anatabasamu, anatafuta la kujibu, na Bibi bado yuko kwenye habari za shangazi zake. Siku moja nilimuuliza kama anaamini kweli kwamba huu ni ulinzi.

"Mwizi hapendi kuonekana," alisema. "Mimi namwona, halafu namuuliza mama yake hajambo. Sasa ataiba vipi na mama yake kashatajwa?"

Nakuambia, siku Bibi alizokaa nje, hakikupotea hata kifurushi kimoja. Siku alizokwenda msikitini tulipoteza mpaka zulia la kufutia miguu.

Mimi kijana wa kisasa nilitaka vifaa. Nilianza na boksi la chambo. Nilichukua boksi zuri, nikalijaza dagaa wa zamani ambao Mjomba Hamisi alikuwa amewasahau nyuma ya friji yake, nikalifunga kwa gundi, nikaliacha mlangoni. Liliibiwa kabla sijamaliza kunawa mikono. Nililikuta kwenye kituo cha basi, limefunguliwa kidogo tu, na watu wote wamesimama upande wa pili wa barabara. Nadhani kuna mwizi mmoja Scarborough aliyebadilisha maisha yake siku ile.

Kisha zikaja kesi za magari, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi.

Mjomba Hamisi, kaka yake Mama, anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu na ana gari kubwa jeusi analolipenda kuliko anavyotupenda sisi, na mimi simlaumu. Ndilo gari letu la harusi, la misiba, la kumpokea mgeni na kumsindikiza. Alilinunua kwa mtu, likaja na ufunguo mmoja, ule wa vitufe. Na wezi wa siku hizi hawavunji kitu. Wanasimama nje ya mlango wako na kidude kinachonasa mawimbi ya ufunguo uliouweka ndani mezani, gari linadhani mwenyewe kaja, linafunguka na kuwaka, na likishawaka linakwenda hata ufunguo ukibaki mezani. Wanaliingiza kwenye kontena, linakwenda ng'ambo. Majirani wawili walikuwa wameshaamka wakakuta pakavu pasipo theluji mahali gari lilipolala.

"Mimi sijakanyaga nyumbani miaka," alilalamika Mjomba, "halafu gari langu lifike Afrika kabla yangu?"

Nikasoma, nikauliza, nikapata dawa: bati. Ufunguo ukiwa ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, mawimbi hayatoki. Na nyumba ipi ya Mswahili haina kopo la biskuti? Tulilo nalo lilikuwa la buluu, lilikuwa na sindano, nyuzi na vifungo, kama makopo yote ya biskuti duniani. Nikazihamisha nyuzi. Nikaweka kopo kwetu, maana Mjomba kwake hapana mtu mchana, na nikatoa amri moja, nikaisema mpaka Mama akaniomba nipumzike: ukishautumia ufunguo, hata kama ni kufungua tu na kufunga, ufunguo unarudi koponi. Mjomba nilimfunza kama mwanajeshi. Nilimfunza pia kwamba gari lisiachwe wazi hata kidogo: ukishuka tu, bonyeza kifungio cha mlangoni, funga. Juu ya hayo akaongeza mwenyewe chuma cha kufunga usukani, na kijifunguo chake akakivaa shingoni kama hirizi.

Majirani nao sikuwaacha. Kila nyumba niliigawia filimbi. Nikawaambia, mkisikia king'ora cha gari, tokeni wote, pulizeni, zungukeni. Waliitikia kwa kichwa kama watu wanavyomwitikia mtoto wa shule.

Sasa kesi ya Jeromu. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini hivi, koti la kijani, begi kubwa begani. Alikuwa anapita nyumba moja moja. Anapanda baraza, anainama mlangoni, anashuka haraka, anakwenda inayofuata. Kwetu tu hapandi. Anasimama, anatazama, anapita. Mimi niliyesomea mambo haya nikajua mara moja: huyu ni mpelelezi wa wezi, na kwetu anatupanga kwa siku maalumu. Nikampelekea Bibi ripoti.

"Mwite ale," akasema.

"Bibi, ni mwizi."

"Ndiyo maana nakwambia umwite. Mwizi akishakula kwako, mkono unamwia mzito."

Nikamwita. Alikuja kwa mashaka, akakaa jikoni na begi lake, akala chapati na mchuzi wa kuku kama mtu aliyetoka vitani. Bibi alimuuliza habari za mama yake, mimi nikatafsiri. Mama yake alikuwa hajambo. Tangu hapo majira yote ya baridi alikuwa anakuja. Akajifunza kusema "shikamoo". Aliisema kwa Bibi, kwa Mama, kwa paka, na kwangu pia. Mimi nilikuwa naitikia "marahaba" kwa uzito unaostahili, na sikuona haja ya kumsahihisha. Jicho langu lakini lilikuwa kwenye begi. Nilijua mna vyuma vya kuvunjia.

Hapo katikati ndipo ilipokuja habari ya Bi Mwanahawa. Huyu ni mdogo wake Bibi, yuko Tanga, macho yanamzimika. Alipiga simu siku moja tukiwa tunakula, Bibi akaweka sauti kubwa kwa sababu hajui kuiweka ndogo, tukasikia sote.

"Dada, njoo ningali nakuona. Ukichelewa nitakuwa nakusikia tu, na kukusikia nishakusikia sana."

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika Bibi hakumaliza wali wake. Kesho yake akaanza kumuuliza Mama bei za ndege.

Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, ikapelekwa Ottawa, na ikawa inarudi kwa posta, katika mtaa ambao hata sanduku la barua la pale kwenye kona lilikuwa limeshakongolewa mlango. Hiyo ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuishika. Siku iliyotarajiwa kufika sikwenda shule. Shule walidhani naumwa, na ukiangalia rangi yangu ungekubali. Mtu wa vifurushi alipokanyaga ngazi ya kwanza nilikuwa nimeshafungua mlango. Nilimkwapua bahasha mkononi kabla hajaipiga picha. Bibi akaichukua pasipoti, akajitazama pichani, akasema wamemzeesha, akanirudishia.

"Ilinde wewe," aliniambia. "Kazi yako hii."

Zuhura, katika miaka yote ya utumishi wangu hakuna aliyewahi kuniambia neno zito kama lile. Nikaiweka mahali salama kuliko pote nilipopajua. Nikaiweka koponi, pamoja na ufunguo wa gari.

Siku ya safari unaikumbuka, lakini unaikumbuka kama mtoto. Mimi nakupa maelezo ya kitaalamu. Masanduku yalishafungwa, yakiwa yamejaa vitu vya watu, maana ukisema unakwenda nyumbani kila Mtanzania wa jiji hili ana kitu kidogo tu cha kukupa, na vitu vidogo hivyo vilikuwa na uzito wa ng'ombe. Mjomba akachukua ufunguo koponi, akafungua gari, akaurudisha ufunguo koponi kama nilivyomfunza. Tukapakia buti. Mimi nikaweka kopo juu ya masanduku, ili pasipoti isisahaulike nyumbani. Unaona nilivyokuwa makini. Tukafunga buti. Kisha Mama akaita: dua kwanza, na chai. Huwezi kumsafirisha mtu mzima bila dua. Mjomba naye, mwanafunzi wangu bora, akabonyeza kifungio, akafunga mlango, tukaingia ndani.

Gari la siku hizi halikubali kujifunga kama ufunguo umo ndani. Linausikia. Ila huu haukusikika, maana ulikuwa ndani ya bati. Nasisitiza kwa ajili ya kumbukumbu: mfumo wangu ulifanya kazi kikamilifu.

Tulipotoka na amini zetu, mlango haukufunguka. Mjomba akauvuta tena. Akazunguka gari lote akijaribu milango, kama mwizi hasa. Kupitia kioo cha nyuma tuliliona kopo la buluu, limetulia juu ya masanduku, ndani yake ufunguo na pasipoti.

"Idrisa," Mama aliniita, kwa sauti ile ya chini.

Tukawapigia watu wa kufungua magari. Walisema watakuja, lakini walisema kama watu wanaosema inshallah bila kuwa Waislamu. Ndege haina inshallah. Na hapo kwa mbali akatokea Jeromu na koti lake la kijani, amekuja kumuaga Bibi. Uso wa Bibi ukachanua.

"Mungu si Athumani," akasema. "Mwambie mjukuu wangu afungue."

"Afungue nini?"

"Gari. Si ndiyo kazi yake? Leo ruhusa nampa mimi."

Nikatafsiri kwa adabu kadiri nilivyoweza. Jeromu akanitazama, akamtazama Bibi, akatazama gari. Akafungua begi lake taratibu. Nikasogea nione vyuma. Begi lilikuwa limejaa vipeperushi vya pizza.

"Mimi naweka matangazo milangoni," alisema. "Mlidhani nini?"

Mama alitazama viatu vyake. Hata paka alitazama pembeni.

"Mbona kwetu hukuwahi kuweka?" nilimuuliza. Kidogo nilikuwa nimekasirika, kwa niaba ya taaluma.

"Mwanzo kwa sababu wewe ulikuwa unanitolea macho nyuma ya pazia. Baadaye, niweke vipi tangazo la pizza kwenye mlango wa mtu anayenilisha kuku?"

Bibi alipotafsiriwa alimshika shavu. "Majira yote haya nalisha mtu mwema," alisema, na nilisikia kama kuna masikitiko kidogo. Kisha akageuka akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na mchi, ule mchi wa kinu aliokuja nao kutoka Tanga kwenye safari yake ya kwanza, wakati watu wengine walileta nguo.

"Mama, subiri fundi," Mjomba alimsihi.

"Macho ya Mwanahawa hayasubiri fundi."

"Basi si kioo cha mbele, Mama. Nakuomba. Kile kidogo cha nyuma."

Bibi akaenda kwenye kioo kidogo cha nyuma. Akaliwekea gari mkono, akaliomba radhi, akasema bismillahi, akapiga. Mkono uliotwanga kisamvu maisha yote haupigi mara mbili.

King'ora kikalia. Na majirani, Zuhura, wale majirani niliodhani hawakunisikiliza, walitoka wote. Walitoka na kandambili kwenye theluji iliyobaki, walitoka na taulo kichwani, yule mama wa mlango wa pili alitoka na koleo. Filimbi mtaa mzima. Wakazunguka gari kama nilivyowafundisha, wakamweka kati mwizi wa magari pekee aliyewahi kukamatwa akiwa kazini katika utumishi wangu wote: bibi yangu mzaa mama, na mchi mkononi.

Naye akawasalimu. Mmoja mmoja. Mama zenu hawajambo?

Mkono wako ndio uliopita kwenye tundu la kioo kile na kufungua mlango, na hilo nitakusifia daima. Jeromu akaruka viti, akalitoa kopo. Tukabandika mfuko wa taka kwenye tundu, ufunguo ukatoka, gari likawaka, king'ora kikanyamaza, tukaondoka. Mjomba alipoona taa zote za barabarani zimetufungukia, akakumbuka mafunzo, akaurudisha ufunguo koponi, akafunga mfuniko. Gari likaanza kulia ti, ti, ti.

"Linalilia kioo chake," Mjomba alisema kwa uchungu.

Lililia hivyo mpaka uwanja wa ndege. Hapo mlangoni hawakuruhusu kukaa, kwa hiyo Mjomba hakuzima. Nilimkabidhi Bibi kopo. Nilitaka kulifungua nimpe pasipoti mkononi, akanipiga kofi dogo la vidole.

"Usifungue hapa, watu wanaona. Hukufunzwa?"

Akalibana kopo kwapani, akaingia, ushungi umenyooka, anamsalimu mlinzi wa mlangoni na familia yake.

Tulirudi, mfuko wa taka unapiga makofi nyuma. Mjomba akaliegesha mlangoni kwetu, akazima. Kisha akafunga chuma chake usukanini, akanyoosha mkono bila kutazama.

"Nipe ufunguo nifunge."

"Umeurudisha koponi."

"Na kopo liko wapi?"

Sote wawili tukatazama juu.

Gari liko pale pale mpaka leo. Fundi anasema alione kwanza ndipo atengeneze ufunguo mwingine, na gari haliwezi kwenda kwa fundi, na Mjomba hataki livutwe kwa mnyororo majirani wakitazama. Kila jioni anakuja kukagua chuma cha usukani. Hakuna gari salama kama lile Toronto nzima. Mama hakuliona jambo hilo kwa jicho hilo, na hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nakuachia filimbi. Kiti cha plastiki anakikalia Jeromu akipumzika, usimwondoe. Anasalimu vizuri siku hizi, na boksi halijapotea.

Jana Bibi alipiga simu. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Nyuma yake nilisikia kuku, na sauti ya mtu mwingine mzee anacheka.

"Ameniona," Bibi alisema. "Amesema nimenenepa."

"Umenenepa kweli, Bibi."

"Nyamaza. Sasa sikiliza, kopo hili safarini nilichomoa pasipoti tu nikalifunga, leo tulipolifungua kutafuta sindano, tumekuta dude la Hamisi. Mwanahawa ameliona, anauliza ni la nini. Nimemwambia ukibonyeza, gari linalia Kanada. Hasadiki. Ngoja." Nikasikia wananong'onezana, na kitufe kikibonyezwa, pole pole, na vidole viwili vya watu wawili. "Haya. Limelia?"

Nikachungulia dirishani. Gari lilikuwa limekaa kimya, mfuko wa taka mgongoni, kipeperushi cha pizza kwenye kioo cha mbele.

"Limelia, Bibi," nikamwambia. "Mtaa mzima umetoka."

Huko Tanga wakashangilia, wakabonyeza tena.